Kiota cha Ishirini na Saba

Profesa Feenstra anataka kurasa mbili tu:
“Binadamu na maumbile. Tafakari, kisha uandike.”
Nami nina udongo wa mfinyanzi hadi magotini,
fimbo mbili za mwanzi kwapani,
na daftari lisilolowa, ndivyo nilivyoambiwa dukani,
limelowa.

Huku Frisia nchi iko chini ya bahari.
Usicheke. Pampu zinakoroma usiku kucha
ili ng'ombe wasimame pakavu,
na maji ya mitaroni hupandishwa na kushushwa
kwa kura, kwenye kikao cha bodi ya maji,
baada ya biskuti.
Kwa hiyo nikiulizwa maumbile yako wapi
natazama kulia, natazama kushoto,
naona nyasi za aina moja, zimejipanga kama kwaya,
kijani kibichi kilichonunuliwa kwa gunia.

Ila sululu hajaisoma ramani yetu.
Anaondoka kwenye majaruba ya mpunga ya Bisau
akiwa na uzito wa machungwa mawili
na mdomo kama sindano ya kushonea magunia,
anatua palepale, shamba lilelile la Wybren,
hatua mia kutoka alipoanguliwa.
Anataga mayai manne,
ncha zote zimeelekeana katikati
kama watu wanaoteta.

Kazi yangu: kutafuta, kuchomeka fimbo,
moja huku, moja kule,
kupima, kuandika, kutoweka kabla mayai hayajapoa.
Wybren akija na mashine yake ya kufyekea
anaona fimbo, anazunguka.
Huo ndio mkataba. Yeye analipwa kwa kiota,
mimi napata alama,
ndege anapata duara la nyasi
lenye upana wa kitanda cha wageni.

Tarehe kumi na mbili Mei alizunguka vizuri.
Nilimwona kwa macho yangu: alizima mashine, akashuka,
akapima kwa hatua,
mtu wa kilo mia na ushee
akinyata kama mwizi shambani kwake mwenyewe.
Jioni shamba zima lilikuwa upara
na kishungi kimoja katikati.

Kunguru hakuwa na mkataba.
Kunguru aliona kishungi.

Asubuhi nilikuta maganda,
na utepe wa kiini cha yai ukikauka kwenye jani.
Sululu alikuwa juu ya nguzo ya lango.
Kwetu jina lake ndicho kilio chake;
aliliita jina lake mara tatu,
ya nne sikuisubiri.
Tenda wema, nenda zako.
Nilikwenda zangu mimi,
wema ukabaki pale, umesimama wima,
ukimwonyesha mwizi mlango.

Jikoni Wybren alinimiminia kahawa.
Hatukusema. Nikaongeza maziwa.
Maziwa yale ni nyasi zile,
nyasi zile ni pampu zile,
na mimi, nifanyeje, napenda kahawa yangu iwe nyeupe.
“Mwakani,” akasema, “shamba la kaskazini
siligusi mpaka Juni.”
Akaitazama kalenda ukutani, ile ya benki.
“Nusu yake,” akasema.

Sasa ni usiku, na kurasa mbili bado nyeupe.
Nilitaka kuandika kwamba sisi ni adui,
nikamkumbuka Wybren na nyato zake.
Nilitaka kuandika kwamba sisi ni walinzi,
nikazikumbuka nyayo zangu mwenyewe,
msitari mnyoofu wa matope
kutoka barabarani hadi kwenye mayai.

Fomu ya utafiti ni nyepesi zaidi.
Namba: ishirini na saba.
Hali: kimepotea.
Sababu, weka alama moja:
mashine, mafuriko, mnyama, haijulikani.

Niliweka alama kwenye mnyama.
Sikusema uongo.
Sikusema ni yupi.