Chokaa

Leo Tanga nzima iko barabarani, Mwanamvua.
Sura yako imebandikwa ubavuni mwa lori la saruji,
mgeni rasmi kakosea jina lako mara mbili,
nawe umecheka tu,
kombe umelishika kama sufuria ya moto.

Mimi niko nyuma ya uzio, Raskazone,
na ndoo yangu.

Mwaka ule ulikuwa mwokota mipira.
Bwana mhasibu akakuita mcheze, kwa mzaha,
ukamtoa jasho mpaka mwisho,
akapaza sauti: "Nje!"
Mpira ulikuwa na chokaa.
Chokaa yangu. Niliiona.
Nikaufutia surualini.

Sasa umekuja, kamera zikikufuata, unaninong'oneza:
"Mjomba, ule mpira ulikuwa ndani?"

Nimekunyooshea mkono.
Bado mweupe.