Hesabu ya Maji ya Mnyapara

Mililita mia tisa, manjano iliyoingia damu,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Daktari ameyatoa kati ya mbavu zako, ubavu wa kushoto,
nawe ukakohoa, ukasema:
kumbe mtu huweza kuzama juu ya godoro.

Chupa ilinifikia maabara ingali na joto lako.
Nikaandika: Kitsao Ngumbao, miaka sitini na minne,
mkazi wa Gongoni. Kazi: chumvi.
Hapo kwenye chumvi mkono ukasita.

Maana mimi ni Nyevu wa Kadzo,
na Kadzo alikwangua majaruba ulikosimama wewe
na daftari, na penseli nyuma ya sikio.
Magunia arobaini na mawili;
ukaandika thelathini na nane.
Mama hakuuliza manne yameliwa na nani.
Alirudi, akapaka mafuta ya nazi kwenye nyayo zilizopasuka,
akatuambia: hesabu ni ya mwenye kalamu.

Leo kalamu ninayo mimi. Hospitali ya Malindi,
chumba cha tatu, feni mbovu.

Nimeyazungusha maji yako dakika kumi,
mashine ikilia kama nyigu ndani ya kibuyu.
Juu yakabaki maji matupu, hayana habari.
Chini, mashapo: kidoa kama punje ya chumvi chafu.
Kazi hii waijua. Miaka thelathini ulikaa kando ya maji
ukingoja yaondoke, yaache kilichokuwa ndani.

Nikatia rangi, nikaiinamia darubini.

Chembe nyeupe: shuleni tuliambiwa ni askari.
Mimi naona vibarua.
Wengi! Si kwamba hawakufika kazini.
Wamesimama majini hadi magotini, majembe mkononi,
na hawachimbi.
Katikati yao zile nyingine, kubwa, zimeshikana mafungumafungu,
viini vyeusi vimevimba,
zimekaa kama wenye shamba.

Nikahesabu. Ka, ka, ka, kidole kwenye kihesabio.
Nilipofika thelathini na nane nilisimama.
Hakuna aliyeniona.
Nikanywa maji ya bomba, yenye chumvi kama kawaida yake,
nikaanza upya kutoka moja.

Sampuli ya pili ilipanda ndege kwenda Nairobi katika barafu.
Huko wana rangi zinazong'aa, za kusomea
vitambulisho ambavyo kila chembe huvaa kifuani.
Jibu likarudi Alhamisi, kurasa mbili.
Nalisema kwa lugha ya nyumbani:
vibarua wako wamevaa alama ya uchovu.
Uvimbe umejifunza kuwagusa begani,
kuwaambia, tulieni, mimi si mgeni hapa,
nao, kwa adabu, wametulia.

Adabu hiyo naijua. Nimelelewa nayo.

Iko dawa, wanasema, ya kuuondoa mkono ule begani.
Haimkubali kila mtu. Bei yake
bintiyo Jumwa aliisoma kwenye karatasi, akaikunja,
akaikunjua, akaikunja tena, ikawa ndogo kama hirizi.

Ulikuja mwenyewe kuchukua majibu,
ukiegemea ukuta kila hatua ya nne.
Ulisoma jina langu kwenye koti jeupe.
Nilingoja.
Nyevu, ukasema. Jina zuri kwa mtu wa kazi hii.
Basi.
Kisha, ukitafuta pumzi: binti, umehesabu vizuri?

Mara mbili, nikasema.

Ukatikisa kichwa kama mtu aliyepokea gunia
akaliona limejaa hadi mdomoni.

Daktari asema yatarudi, labda kabla ya wiki tatu,
kama maji ya bahari yanavyoujua mlango wa jaruba
hata ukiuzibwa kwa matope na magunia.
Nimekwisha kuosha chupa nyingine.
Nimebandika karatasi. Jina nimeliandika.
Pale penye idadi
nimepaacha peupe.