Mkasi Uliolala

Kila mkono huanza bila vidole.
Leelo alilijua hili kabla hajawa mama:
wiki ya sita, mkono ni kasia dogo la nyama;
wiki ya nane vidole vimeachana,
na pale katikati palikuwa na umma mzima wa seli
uliojiondokea bila kilio, bila matanga.

Maabara yao iko ghorofa ya tatu, mjini Tartu,
dirisha linatazama mto ulioganda.
Saa nane za usiku anahesabu wafu kwenye hadubini.
Wafu hawa hawapasuki. Hujikunyata,
hutoka malengelenge kama uji unaotokota,
hujifunga vifurushi vifurushi,
na majirani huja kula.
Kufa kufaana:
hakuna tone linalomwagika sakafuni.

Kitendawili.
          Tega.
Ninaye mgeni chumbani, amelala tangu nizaliwe,
amefungwa kwa kamba ya mwili wake mwenyewe.
Siku akifunguliwa, nyumba haisimami.
          Kaspasi.

Litamke polepole. Lugha yangu husikia mkasi humo,
husikia na kasi.
Leelo, kwa Kiestonia chake, hasikii hata kimoja,
ila kazi yake anaijua: hakati ovyo.
Hupapasa protini mpaka aguse asidi anayoitafuta,
ndipo hukata, hapo hapo, nyuma yake.
Hukata kufuli la mwenzake,
na mwenzake huingia kiinini, akaukatakata uzi wa vinasaba
vipande vinavyojipanga kwenye jeli kama ngazi
isiyopanda popote.

Miaka minne Leelo amekuwa akimwamsha huyu
ndani ya seli za saratani zilizosahau kufa.
Kisha akazaliwa Uku.
Mkono wa kushoto, cha kati na cha pete
vimeshonwa pamoja hadi kwenye kucha.
Wahenga walisifu chanda na pete;
hapa chanda kimeng'ang'ania chanda,
pete itapita wapi?

"Nani alilala?" aliuliza,
maziwa yamelowesha blauzi,
swali la kipuuzi kwa mtu mwenye shahada mbili.
Daktari Raudsepp alipandisha mabega:
hutokea. Si kila mara tunajua kwa nini.

Helmi, mama mkwe, hakuuliza kitu.
Alifuma glavu za mfuko, zile zisizo na vidole,
sufu nyekundu, nyota ya pembe nane mgongoni.
"Ndani ya hizi," alisema, "watoto wote ni sawa."
Baridi ya huko ni ndefu. Uongo huo ulidumu miezi sita.

Jioni moja Leelo akamwomba amfundishe glavu yenye vidole.
Helmi alihesabu vishimo, akahamisha sindano,
akaacha nyuzi zikining'inia.
"Sufu ni ile ile," alisema.
"Kidole ni pale unapokataa kuendelea kufuma."
Leelo aliyaandika nyuma ya daftari la maabara,
chini ya tarehe na kipimo cha joto.

Alhamisi, mkasi wa chuma ulifanya kwa saa mbili
kazi ambayo tumboni haina hata sauti.
Damu ilikuwepo. Ngozi iliazimwa kinenani.
Mtoto alirudi na bandeji kubwa kama mkate,
akalia hadi alfajiri,
na Leelo, aliyezoea vifo visivyochafua meza,
akafua shuka kwa mkono.

Aprili barafu ilipasuka mtoni.
Helmi akaleta glavu mpya, yenye vyumba vitano,
imechelewa baridi, tena imezidi ukubwa.
Uku akaitazama sana.
Akaingiza gumba. Akaingiza cha shahada.
Halafu cha kati na cha pete, vyote viwili,
akavisukuma kwenye chumba kimoja,
na kile kilichobaki kitupu
akakitia mdomoni.

Hakuna aliyemrekebisha.