Vidole Viwili vya Siki

Mtaa wa Narung'ombe, kabla sijakata kamba za robota,
wameshaniuliza:
"Umekula nyoka?"
Bei ya mapazia hakuna aliyeitaka.

Nimekula uji, jamani.
Guangzhou, alfajiri, uji wa mchele
mwepesi kama wa mzazi wa jana,
tangawizi juu yake imekatwa nyembamba kama uzi wa cherehani.
Mama muuzaji aliniletea kijiko bila kuombwa;
alishaona vidole vyangu vinagombana na vijiti.

Safari ya pili nikapanda treni ya mbali, Chengdu,
nikijisifu: mimi mtu wa pilipili kichaa, nani atanitisha?
Kumbe kuna punje ndogo, kavu, haina kelele,
haiwashi. Inatia ganzi.
Siafu wakatembea midomoni mwangu bila kuuma,
nikawa kama nimetoka kung'olewa jino,
nikaomba maji kwa lugha ambayo hata mimi sikuielewa.
Meza nzima ikacheka. Nikaongeza bakuli.

Lakini Xi'an.
Msikiti una paa la vigae lililopinda ncha,
na mzee Ma, kofia nyeupe, akaniitikia salamu
kwa neno lile lile tunaloitikiana Magomeni.
Akanipa bakuli tupu na mkate mgumu: nyofoa.
Nikanyofoa Kikariakoo, mapande, niwahi kiwandani.
Akanirudishia. Vidogo zaidi.
Nikanyofoa. Akanirudishia.
Mara ya tatu nikaacha kutazama saa,
nikawa mtoto barazani kwa bibi, ungo magotini,
nachagua chuya kwenye mchele wa futari.
Ndipo akamimina supu ya kondoo.

Uwanja wa ndege walipima kilo ishirini na tatu.
Ulimi hawakuuweka mzani.

Sasa kila Ijumaa nakanda unga, navuta tambi kwa mikono,
zinakatika. Mwanangu Shazili anauliza
kama hiyo ni chapati iliyokata tamaa.
Bakuli la kwanza nikampelekea Liu, muuza zipu wa ng'ambo ya barabara,
miaka minne hajaona kwao Taiyuan.
Akaonja. Akatafuna polepole mno.
"Bado siki, mama Shazili."
Nikakamua ndimu. Akatikisa kichwa: ndimu ni ndimu.

Kesho yake kaja na chupa nyeusi, imebaki vidole viwili,
siki ya mama yake.
Nikadhani zawadi.
Liu kashajifunza mtaa: alitaka pazia la dirisha moja,
la bluu, na nisimpandishie.
Tulibishana hadi adhuhuri.
Nikamkatia mita mbili na nusu,
yeye akanimiminia kidole kimoja.