Barafu ya Tanga

Nilicheka, nakiri.
Saa nne asubuhi, Februari,
shati limeninata mgongoni,
na Bi. Hidaya Shekibula ananiuliza habari za barafu.
"Mwalimu, barafu hapa ni ya juisi ya ukwaju."
Hakucheka. Aligusa jasho la chupa yake ya maji,
akachora duara la unyevu kwenye bawa.
"Chupa haivuji. Haya maji yametoka wapi?"

Tukaruka.
Mkonge wa Pongwe chini yetu, daftari la mistari,
na kule Usambara ukungu haujakunja shuka.
Futi elfu tatu. "Punguza moto, tushuke."
Nikapunguza.

Haikuanza kwa kishindo.
Mshale uliteremka taratibu,
kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga:
elfu moja mia tisa, mia nane, mia sita.
Nikadhani mkono wangu ndio mvivu.
Kisha injini ikakohoa,
kikohozi kikavu cha koo lililobanwa.

"Joto," alisema. Basi.
Nikavuta kishikio cha joto la kabureta,
na ugonjwa ukazidi!
Injini ikatetemeka, ikatema, ikapiga chafya.
Mkono wangu, wenyewe, ukaanza kukirudisha.
Akaufunika kwa wake.
"Acha. Inameza maji ya barafu yake.
Ukikirudisha sasa umeinyima dawa. Tafuta pa kutua, uhesabu."

Moja, barabara ya Muheza: nguzo za umeme.
Mbili, kiwanja cha shule: watoto.
Tatu, mkonge, na miiba yake.
Nne siikumbuki.
Kwenye tisa koo likafunguka,
injini ikanguruma kama iliyotukanwa,
nami nikagundua nilikuwa nimebana pumzi.

Chini, akifunga kamba za bawa, ndipo aliponitajia Mhina,
mwanafunzi wake wa zamani, aliyekirudisha.
Sikuuliza. Alisema tu lile shamba lilikuwa la mahindi,
na mwaka ule wenyewe hawakuvuna upande mmoja.

Siku hizi navuta joto kwanza, ndipo napunguza moto,
hata jua likichoma lami.
Wenzangu wapya wananicheka. Nawaonyesha chupa.

Jioni ile, nyumbani Chumbageni,
dada alinipa ukwaju uliojaa vipande vya barafu.
Nilivitoa kimoja kimoja, nikaviweka kwenye kisahani,
nikakaa navitazama
mpaka vyote vikawa maji.