Barafu ya Pongwe

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza
juu ya mkonge, asubuhi ya masika.
Tuliiokota ndege, ubawa mmoja unaning'inia,
mafuta yamo, plagi nzima.

"Mguse koo," akasema Semhando.
Nikatia kidole kwenye kabureta:
baridi! na chembe nyeupe
zikaniyeyukia ukuchani
kama za friji ya mama
anayeuza barafu za ukwaju Ngamiani.

Barafu, Tanga hii,
shati limeniganda mgongoni kwa jasho?

"Mafuta yakigeuka mvuke huiba joto.
Hewa ya hapa nayo imebeba maji.
Mwizi na mchukuzi wakikutana kooni,
mtu hukabwa."

Akakata kopo la maziwa ya unga,
akalipinda likakumbatia bomba la moshi,
kabureta ivute pumzi iliyopashwa.
"Na ikishuka usiibane kabisa.
Ichokoze, isisinzie."

Jumamosi ya pili, umande ungali mzito,
ikapaa.
Mizunguko kumi na mmoja,
nikihesabu kwa midomo.

Jioni mama akauliza, huko Pongwe mnafanya nini?
Nikamwambia: kuna mtu angani
anauza barafu kama zako.
Hatii ukwaju.
Tumemfungia duka.