Kifuniko Chekundu

Damu ya Murhula ilinifikia kwa miguu,
imeviringishwa kwenye kitenge cha dada yake
pamoja na barafu ya wauza sambaza.
Saa kumi na nne tangu akate roho.
"Imetoka pajani," akasema, kama anayesoma somo,
"daktari amesema nikuambie: si moyoni, pajani."
Vizuri. Damu ya moyo wa maiti husema kupita kiasi.

Labo yetu ina dirisha moja. Linatazama Kadutu,
bati juu ya bati, kilima kizima kimevaa kutu,
na asubuhi ile, moshi:
walikuwa wakichoma vitanda vya Mama Cibalonza.

Kwake ndiko Murhula alikokunywa kasiksi,
kikombe kimoja cha plastiki, cha buluu.
Alikuwa amekuja kurekebisha mlango.
Kabla hajapigilia bawaba ya pili
alijikuna shingo, akaomba maji,
akasema, "Koo inafunga, inakuwa kama ya mutoto,"
akaketi juu ya sanduku la randa zake.
Dakika ishirini.
Misumari mitatu ilibidi ichomolewe kiganjani.

Mtaa haukuhitaji mashine.
Mtaa ulikuwa na neno lake tayari: karuho.
Mjane, anapika pombe, hacheki na watu.
Wakamtia kasho. Wengine wakasema ni kumlinda.

Mimi nilikuwa na chupa yenye kifuniko chekundu.
Niliizungusha hadi uzito ukazama
na maji ya rangi ya waridi yakabaki juu.
Umeme ukakatika, kama kawaida ya Bukavu.
Nikairudisha kwenye barafu, nikaketi sakafuni,
mgongo wangu kwenye mlango wa friji,
usiku kucha, mtu asije akaufungua kutafuta maji baridi.

Kuna walinzi ndani yetu, chini ya ngozi, kandokando ya koo,
chembe zilizobeba vifuko.
Adui akija, hupasua kimoja, viwili, yakaisha.
Lakini kuna miili ambayo walinzi wake
humwona mgeni mmoja mdogo
wakapasua vyote kwa mkupuo,
wakaizamisha nyumba waliyowekwa kuilinda.
Wanachokimwaga kinaitwa triptasi.
Hubaki kwenye damu hata mwenye damu akiondoka.
Haina shangazi. Haina kiwanja cha kugombea.

Chupa ikavuka Ruzizi ndani ya kopo la maziwa.
Siku ya tisa, simu:
mia moja themanini na saba.
Mtu mzima anayepumua huwa chini ya kumi na mbili.
Na mstari wa pili: kingamwili dhidi ya sumu ya nyuki,
nyingi.

Ndipo nikakumbuka kikombe.
Kilikuwa bado kwa polisi, kimefungwa kwenye gazeti.
Chini kabisa, ndani ya utando mkavu wa ndizi,
alikuwa amelala, mabawa yamegandamana,
tumbo limekatika pale mwiba ulipobaki kwa mtu.

Nilikwenda mwenyewe kumsomea mama yake.
Mama Nsimire alifundisha hesabu miaka thelathini.
Aliniambia nirudie namba, akaiandika kiganjani kwa kalamu,
akaitazama kama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi
kwa njia asiyoipenda.
"Nyuki nimemwelewa," akasema. "Na damu nimeielewa.
Sasa niambie, mwanangu.
Nyuki wote wale, vikombe vyote vile, Jumamosi ile.
Ni nani alimutuma?"

Nilikuwa na karatasi. Niliigeuza.
Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Cibalonza alitoka Alhamisi.
Mlango wake ulikuwa ungali unaning'inia kwa bawaba moja,
kitu pekee ambacho hawakukichoma.
Hakuuliza habari za namba.
Aliuliza kikombe chake cha buluu.
Polisi akamjibu bila kuinua kichwa
kwamba faili, mama, bado halijafungwa.